GPA ya sayansi na udahili wa udaktari, PA na uuguzi Marekani: hesabu halisi na sehemu inapowaangusha waombaji

#1 Mwanakemia

Wakuu, heshima kwenu.

Kila dirisha la maombi linapokaribia kufunguliwa mwezi Mei, wazazi na vijana wetu walioko Marekani huuliza swali lilelile: "Ana GPA ya 3.5, udaktari ataupata?" Jibu haliwezi kutoka kwenye hiyo 3.5, maana hiyo GPA (wastani wa gredi, A ikiwa 4.0) ni hesabu ya chuo chake. Gredi zote hupelekwa kwenye mfumo wa pamoja wa maombi, zinakokotolewa upya kwa kanuni za mfumo huo, na matokeo hutoka yamegawanyika: GPA ya masomo yote, GPA ya sayansi peke yake, na ya masomo mengine. Ya sayansi ndiyo inayowaacha wengi nje, na ndiyo nimeifungulia uzi.

Kwa walioko nyumbani: Tanzania kijana anatoka kidato cha sita na PCB (fizikia, kemia, baiolojia) anaomba MD, digrii ya udaktari, moja kwa moja. Kima cha chini cha TCU, tume ya vyuo vikuu, ni principal pass tatu, D kwenda juu, jumla pointi 6. Kinachopandisha kiwango ni ushindani. Marekani inatangulia digrii ya kwanza ya miaka 4, ndipo udaktari wa miaka 4 mingine. Kwa hiyo kazi inayofanywa kwetu na matokeo ya kidato cha sita, kule inafanywa na gredi za digrii ya kwanza, kuanzia muhula wa kwanza kabisa.

Mifumo iko mingi na kila mmoja una kanuni zake. AMCAS ni ya udaktari wa MD. AACOMAS ni ya DO (daktari wa osteopathia), ambaye kisheria ni daktari kamili kama MD. Vyuo vya umma vya Texas vina mfumo wao, TMDSAS. Meno ni AADSAS, PA (msaidizi wa daktari) ni CASPA, famasi ni PharmCAS.

AMCAS inaiita GPA ya sayansi BCPM: baiolojia, kemia, fizikia na hisabati. Takwimu ni hisabati. Biokemia ni kemia. Anatomia, fiziolojia, mikrobiolojia, jenetiki na nyurosayansi ni baiolojia. Saikolojia, afya ya jamii, kozi za uuguzi, uhandisi na kompyuta hazimo, hata kama chuo chako kimeziweka kitivo cha sayansi.

Tuchukue mwanafunzi wa mwaka wa 2 mwenye kozi tano, kila moja krediti 4:

Baiolojia ya jumla I, B+ (3.3 × 4 = 13.2)
Kemia ya jumla I, B (3.0 × 4 = 12.0)
Kemia ya jumla II, C+ (2.3 × 4 = 9.2)
Kalkulasi I, B- (2.7 × 4 = 10.8)
Fizikia I, A- (3.7 × 4 = 14.8)

Jumla ni 60.0. Gawanya kwa krediti 20, unapata BCPM ya 3.00. Sasa mpeleke mwanafunzi huyohuyo AACOMAS. Kule hisabati haiingii kwenye GPA ya sayansi, kwa hiyo kalkulasi inatoka: 49.2 kwa krediti 16, karibu 3.08. CASPA nayo hisabati haiweki kwenye sayansi. Texas wanafuta alama za kujumlisha na kutoa: A- inakuwa 4.0, lakini B+ inashuka kuwa 3.0. Mwenye A- nyingi anafaidika, mwenye B+ nyingi anaumia.

Kwa takwimu za AAMC (chama cha vyuo vya udaktari Marekani) za miaka ya karibuni, waliopata nafasi MD wana wastani wa GPA ya sayansi wa takribani 3.7, na ya jumla karibu 3.8. Huo ni wastani, si mstari wa kukata. Ila mwenye 3.0 ajue ameanzia mbali.

#2 Mjukuu_wa_Pangani

Mkuu Mwanakemia, umeshusha madini. Swali langu ni kurudia kozi. Mtu kapata D kemia ya ogania, karudia kapata A, na transkripti ya chuo inaonyesha A tu ndiyo iliyohesabiwa. Hiyo D si imekufa?

#3 Mwanakemia

Haijafa, ndugu yangu, na hapa ndipo wengi wanapata mshtuko. Chuo kina haki ya kufuta gredi ya zamani kwenye hesabu yake, lakini AMCAS inahesabu majaribio yote mawili, kila moja na krediti zake. D ya krediti 4 ni pointi 4. A ya krediti 4 ni pointi 16. Jumla 20 kwa krediti 8, kozi hiyo inakaa kwenye BCPM kama 2.5. Chuo kinaonyesha 4.0.

AACOMAS iliwahi kuwa na utaratibu wa kuchukua gredi mpya peke yake, na ushauri mwingi wa zamani mtandaoni bado unasema "nenda DO, kule ukirudia wanafuta." Utaratibu huo uliondolewa mwaka 2017. Sasa wanahesabu zote.

Waliosoma vyuo vya nyumbani wamezoea sapu: ukiifaulu unapewa C, maisha yanaendelea, hakuna anayerudi kuhesabu ile iliyoanguka. Marekani hakuna sapu ya namna hiyo. Ukianguka unarudia kozi nzima, unailipia upya, na ile ya kwanza inabaki kwenye hesabu ya mfumo wa maombi.

Rudia kozi ikiwa una D, F au C- kwenye somo la lazima, kwa sababu vyuo vingi havipokei chini ya C. Ukiwa na C kamili, mara nyingi ni busara zaidi kupanda ngazi: badala ya kurudia kemia ya jumla, chukua biokemia na upate A. Kamati inaona umeweza somo gumu zaidi, na krediti zako zimeenda mbele.

#4 Hesabu_Haidanganyi

Naongezea hapo, maana kuna jambo la kihesabu linalowapotosha vijana wanaosema "nitarekebisha baadaye."

GPA ni wastani, na wastani unakuwa mzito kadiri krediti zinavyoongezeka. Mtu mwenye krediti 60 za sayansi kwa 3.2 ana pointi 192. Akichukua krediti 30 zaidi, zote A bila kukosea hata moja, anaongeza pointi 120. Jumla 312 kwa 90, anafika 3.47. Krediti 30 ni mwaka mzima wa masomo ya sayansi kwa mzigo kamili, na zawadi yake ni kupanda 0.27.

Mwenye krediti 20 kwa 3.0, kama yule wa mfano wa juu, ana pointi 60. Krediti 30 za A zinampeleka 180 kwa 50, yaani 3.60. Mwaka uleule, gredi zilezile, kapanda 0.6. Ndiyo maana mwanafunzi wa mwaka wa 2 aliyejikwaa bado ana nafasi kubwa ya kujirekebisha, na aliyemaliza digrii ana kazi ndefu.

Jambo la pili ni masters. Wapo wanaodhani wakichukua masters ya sayansi na kupata 3.9 itainua ile 3.1 ya digrii ya kwanza. Haiinui. AMCAS inaiweka kwenye mstari wake, masomo ya uzamili, na GPA ya digrii ya kwanza inabaki ilivyo. Ukitaka namba yenyewe isogee, chukua kozi za ngazi ya digrii ya kwanza baada ya kuhitimu, hizo zinajumlishwa. Masters maalumu ambayo wanafunzi wake wanasoma kozi zilezile za mwaka wa kwanza wa udaktari ina kazi nyingine: inathibitisha kwamba unaubeba mzigo. Lakini ni ghali, na ukipata C nyingi mle ndani umefunga mlango kabisa. Mwenye BCPM chini ya 3.0 aanze na kozi za digrii ya kwanza, asikimbilie masters.

#5 Asha_wa_Columbus

Nauliza kwa niaba ya wengi walioanzia komyuniti koleji kwa sababu ya ada. Je, gredi za kule zinahesabiwa sawa? Na zile kozi za chuo ambazo watoto wanachukua wakiwa bado sekondari?

#6 Mwanakemia

Dada Asha, kwenye hesabu zote ni sawa. A ya komyuniti koleji ni 4.0 na C ni 2.0, mfumo haubagui. Kamati ndiyo inayoweza kutazama tofauti. Mtu aliyesoma komyuniti koleji miaka miwili kisha akahamia chuo cha miaka 4 na kuendelea kufanya vizuri hana tatizo. Kinachotiliwa shaka ni mtu aliye kwenye chuo cha miaka 4 anayekwenda kuchukua kemia ya ogania na fizikia kwingine kila kiangazi, inaonekana anazikwepa. Vipo vyuo vinavyosema wazi vinapendelea masomo ya lazima yasomwe chuo cha miaka 4, kwa hiyo soma ukurasa wa kila chuo unachokilenga.

Kozi za chuo zilizochukuliwa sekondari zinahesabiwa, na hapa wazazi tuwe macho. Mtoto wa miaka 16 anaandikishwa kalkulasi ya koleji, anapata C, familia inafurahi kwamba krediti ni za bure. Miaka mitano baadaye C hiyo inajitokeza kwenye BCPM. Transkripti ya kila chuo cha Marekani na Kanada alichowahi kujiandikisha lazima itumwe, hata kama alichukua kozi moja na kuiacha katikati. Krediti za AP (kozi na mitihani ya ngazi ya chuo inayofanyiwa sekondari) ni tofauti: zinaandikwa bila gredi, hazigusi GPA. Ila baadhi ya vyuo havizikubali kama mbadala wa somo la lazima, vinataka uchukue kozi ya juu zaidi ya fani hiyohiyo.

#7 Nesi_Mkuu

Naomba nichangie upande wa uuguzi, maana ndiko watu wetu wengi walipo.

Ukiomba shule ya uuguzi, hesabu ni fupi na kali. Mara nyingi wanatazama kundi dogo la masomo ya sayansi: anatomia na fiziolojia I na II, mikrobiolojia, kemia, wakati mwingine na takwimu. Kozi nne au tano tu. B moja ya krediti 4 kati ya krediti 16 inakushusha kutoka 4.0 hadi 3.75, na kwenye shule za pointi, ambako waombaji hupangwa kwa gredi na mtihani wa TEAS au HESI, hiyo peke yake inaweza kukuondoa kwenye orodha.

Yako mambo mawili wanaokosa wanayajua wakiwa wamechelewa. La kwanza ni idadi ya kurudia: shule nyingi zinaruhusu kurudia kozi ya sayansi mara moja tu, na nyingine zinahesabu hata ile uliyoiacha ukapewa W. La pili ni umri wa kozi. Masomo ya sayansi huisha muda, mara nyingi miaka 5 au 7. Mtu aliyesoma anatomia zamani, akafanya kazi za CNA (msaidizi wa muuguzi) miaka mingi, akirudi anaambiwa aanze upya. Kabla hujalipia kozi yoyote, pata masharti ya shule husika kwa maandishi.

Kwa nesi mwenye BSN (digrii ya uuguzi) anayetaka kwenda udaktari: kozi zako za uuguzi AMCAS inaziweka kwenye sayansi za afya, haziingii BCPM. Famakolojia ya wauguzi, tathmini ya mgonjwa, afya ya mama na mtoto, zote ziko nje. BCPM yako inabaki na anatomia, mikrobiolojia, takwimu na kemia kidogo, pengine krediti 20 hivi. Ubaya wake ni kwamba C moja ya zamani inaonekana sana. Uzuri wake mnaujua kutoka kwa Hesabu_Haidanganyi: kozi za lazima ambazo hujachukua bado, kemia ya jumla, ogania, biokemia, fizikia, ni krediti zaidi ya 25, na ukizifanya vizuri unaijenga BCPM karibu upya. Tena ile kemia ya muhula mmoja ya wanafunzi wa afya haihesabiwi kuwa kemia ya jumla ya udaktari. Usiitegemee.

#8 Mlimani_Alumni

Na sisi tuliosoma nyumbani? Mtu ana BSc ya UDSM, GPA 4.5 kwenye mizania ya 5.0, yuko Marekani na green card. Anaiingizaje?

#9 Hesabu_Haidanganyi

Kwanza, mkuu, usiigawe mwenyewe kwamba 4.5 kwa 5 ni sawa na 3.6 kwa 4. Haiko hivyo. Taasisi za tathmini kama WES zinabadilisha kozi kwa kozi: A yako inaandikwa A, B+ inaandikwa kwa kipimo chao, kisha wanakokotoa upya. Kenya ambako gredi ni asilimia, 70 ni daraja la kwanza. Ukiipeleka kama 70 ya Marekani umejiua mwenyewe. Ndiyo sababu ripoti ya kuagiza ni ile ya kozi kwa kozi, si ile fupi inayothibitisha digrii peke yake.

Sasa inategemea fani. CASPA, AACOMAS na PharmCAS wanapokea tathmini ya namna hiyo, ingawa kila chuo kina uamuzi wake juu ya masomo ya lazima. AMCAS ni ngumu zaidi: kozi za nje ya Marekani na Kanada unaziorodhesha, lakini gredi zake hazikokotolewi. First class yako haina namba kwenye BCPM. Na vyuo vingi vya MD vinadai sehemu ya masomo isomwe Marekani au Kanada: vingine mwaka mmoja, vingine krediti 90, vingine digrii nzima. Kwa hiyo unachukua masomo ya lazima upya kule, na gredi hizo chache ndizo zitakuwa GPA yako yote. Hakuna nafasi ya kuteleza.

Kwa aliyekwisha kuwa daktari, mwenye MD au MBChB ya nyumbani: habari hizi za BCPM hazikuhusu. Njia yako ni cheti cha ECFMG (cha madaktari waliosoma nje), mitihani ya leseni ya USMLE Step 1 na Step 2 CK, halafu kuomba nafasi ya mafunzo ya ubingwa. Step 1 tangu Januari 2022 ni kufaulu au kufeli bila alama, kwa hiyo macho yote yako Step 2 CK. Tafadhali msikubali mtu awauzie kozi za maandalizi ya MCAT, ule mtihani wa kuombea shule ya udaktari.

#10 Kijana_wa_Nyali

Wakubwa zangu, shikamooni. Niko mwaka wa kwanza, fizikia inanielemea. Niiache nipate W au nikomae? Na MCAT ya juu haiwezi kufunika gredi?

#11 Mwanakemia

Marahaba, mdogo wangu.

W haina namba kwenye GPA. D ina namba, nayo inabaki. Kama mtihani wa kati umeshapita na hesabu zinaonyesha kwamba hata ukipata 90 kwenye wa mwisho hufiki C, iache kabla ya tarehe ya mwisho. Tarehe hiyo iko kwenye kalenda ya chuo. W moja haimshtui mtu. W nne za sayansi zitaulizwa.

Lakini angalia mambo mawili kabla ya kubofya. Ukiwa na viza ya mwanafunzi ya F-1, kushuka chini ya krediti 12 bila kibali cha ofisa wa wanafunzi wa kigeni kunavunja hadhi yako ya uhamiaji. Nenda ofisini kwake kwanza, kozi uiache baadaye. Na kama unapokea msaada wa serikali wa masomo, kuna kipimo cha maendeleo: kwa kawaida unatakiwa kumaliza takribani asilimia 67 ya krediti ulizojiandikisha, na W inahesabiwa kuwa hukumaliza.

Kuhusu MCAT: inasaidia, haifuti. Alama ni 472 hadi 528, na waliopata nafasi MD wako karibu na 511 au 512 kwa wastani. AAMC huchapisha jedwali la GPA na MCAT pamoja, lenye idadi ya walioomba na waliokubaliwa katika kila kisanduku. Mwenye GPA 3.8 kwenda juu na MCAT 517 kwenda juu, takribani wanane kati ya kumi wanapata. Shuka kwenye safu za GPA ya chini ukiwa na MCAT ileile, uone asilimia inavyopungua. Litafute jedwali hilo, weka kidole kwenye kisanduku chako, ndipo uamue. Vipo pia vyuo vinavyochuja maombi kwa kompyuta kabla binadamu hajasoma, na 3.0 ni mstari wa kawaida. Ukiwa na 2.95, insha yako nzuri inaweza isifunguliwe.

Cha kukutia moyo: AMCAS inaonyesha GPA kwa kila mwaka. Aliyeanza na 2.8, akafuata 3.3, 3.7, 3.9, anasomeka tofauti na aliyeanza 3.9 akateremka, hata kama wastani wao unalingana. Kwako wewe muhula ujao usiweke sayansi tatu zenye maabara pamoja. Mbili zinatosha, na kozi nyingine mbili za kusoma na kuandika.

#12 Asha_wa_Columbus

Mwanakemia, malizia na ujazaji wa fomu. Kuna waliorudishiwa maombi Julai.

#13 Mwanakemia

Ndiyo, hilo ni muhimu kuliko linavyoonekana, kwa sababu vyuo vingi hutoa nafasi kadiri maombi yanavyoingia, na Juni na Julai uhakiki unaweza kuchukua wiki kadhaa.

Agiza transkripti ya kwako mwenyewe kwanza, uwe nayo mkononi. Jaza kozi kama zilivyoandikwa: jina, namba, krediti, gredi, muhula. Usijaze kwa kumbukumbu. Kozi ya nadharia na maabara zikiwa na mistari miwili kwenye transkripti, jaza miwili. Hapo ndipo watu hukosea hesabu: ogania ya krediti 3 yenye C na maabara yake ya krediti 1 yenye A si wastani wa 3.0, ni (6 + 4) kwa 4, yaani 2.5. Kama chuo chako kinatumia robo mwaka badala ya semesta, zidisha krediti kwa 2 kisha gawanya kwa 3.

Majaribio yote uliyorudia yaandike. Kozi uliyoificha itaonekana kwenye transkripti rasmi, na fomu yenye makosa mengi hurudishwa nyuma ya foleni. Transkripti rasmi ziagizwe mapema, kwa namba ya utambulisho ambayo mfumo umekupa. Bila namba hiyo karatasi inafika na haijulikani ni ya nani. Chuo kikikudai hata dola 40 za maktaba kinaweza kuizuia, kwa hiyo lipa madeni madogo mwezi Aprili.

Uhakiki ukikamilika, linganisha BCPM yao na ya kwako. Zikitofautiana, mara nyingi ni kozi iliyohamishwa kundi. Una muda mfupi wa kuomba marekebisho, nao umetajwa kwenye ujumbe wa uhakiki.

#14 Mjukuu_wa_Pangani

Takwimu iliyosomwa idara ya saikolojia, je? Jina linasema "Takwimu za Sayansi ya Jamii."

#15 Mwanakemia

Iweke hisabati. Kundi linaamuliwa na kinachofundishwa, si idara iliyoandikwa juu ya kozi. Zaidi ya nusu ya maudhui yakiwa takwimu, ni BCPM. Hifadhi muhtasari wa kozi wa muhula huo, ule wenye orodha ya mada za kila wiki. Mhakiki akiihamisha, huo ndio utakaoambatanisha kwenye ombi lako la marekebisho.